Nani Aliwaza Kumtilia Mtu Madini Mshipani?

Sista aliitundika dripu, akaivisha mfuko mweusi, akaitazama saa yake. Tangu asubuhi Shangazi alikuwa akipitishiwa maji matupu, chupa hii ikiisha inawekwa nyingine. Sasa ilikuwa zamu ya dawa yenyewe ya saratani.

"Sista, mbona mnaifunika?"

"Haipendi mwanga. Ina platini ndani yake."

Shangazi akafumbua macho. "Platini ipi? Hii ya pete?"

"Hiyo hiyo, mama."

Akaufuata mrija kwa macho mpaka pale ulipoingia mkononi mwake. "Sasa nani aliwaza kumtilia mtu madini mshipani?"

"Hilo hawakutufundisha, mama," sista akasema, na kwa jinsi alivyolisema nikajua naye angependa kufundishwa.

Shangazi akapitiwa na usingizi. Swali lake halikuniacha. Wiki zote hizi nimekuwa nalo, nikisoma usiku, na kila nilipodhani nimefika mwisho wake nilijikuta nimeingia kwenye taaluma nyingine ambayo sikutegemea kuikuta hospitalini.

Nilianza nikitarajia kumkuta daktari bingwa wa saratani aliyekesha akiwawazia wagonjwa wake. Niliyemkuta ni mwanafizikia aliyekuwa akiwapitishia bakteria umeme.

## Umeme haukuwa na kazi

Barnett Rosenberg, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan huko Marekani, alikuwa amevutiwa na picha za seli inayogawanyika. Seli ikikaribia kugawanyika, nyuzi nyembamba hujipanga ndani yake kutoka ncha moja hadi nyingine. Kwa jicho la mwanafizikia, mpangilio ule ulifanana na unga wa chuma uliomwagwa karibu na sumaku. Akajiuliza kama nguvu ya umeme inaweza kuuingilia mgawanyiko huo.

Akatengeneza chombo. Ndani yake walielea bakteria wa kawaida wa utumbo, E. coli, kwenye maji yenye chumvi za kuwalisha, na humo zikatumbukizwa elektrodi za platini. Platini ilichaguliwa kwa sababu inasifika kwa kutojihusisha na lolote. Haishiki kutu, na ilidhaniwa haitaliingilia jaribio.

Umeme ukawashwa. Bakteria wakaacha kugawanyika.

Hawakufa. Waliendelea kurefuka tu, wakawa nyuzi, wengine wakafikia urefu wa mara 300 ya kawaida yao. Umeme ulipozimwa, baada ya muda walirudia kugawanyika. Dhana ya Rosenberg ilionekana imejibiwa, tena kwa namna ya wazi ambayo watafiti wengi hawaipati maishani.

Yeye na wenzake, akiwemo Loretta Van Camp aliyeiendesha kazi ile maabara, hawakuishia hapo. Waliendelea kuchunguza kitu kimoja kimoja: joto, asidi, chumvi zilizomo. Kisha wakachukua maji yaliyokwisha kupitishiwa umeme, wakawatia bakteria wengine humo, bila umeme wowote.

Bakteria wakarefuka vilevile.

Kumbe ile platini isiyojihusisha na lolote ilikuwa ikimomonyoka kidogo kidogo kutoka kwenye elektrodi na kushikana na amonia na klorini zilizokuwamo majini. Kampaundi iliyozaliwa humo ndiyo iliyowazuia bakteria. Habari hiyo ilichapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 1965. Mwaka 1969 wakaonyesha kwamba kampaundi hiyo inamaliza uvimbe wa saratani kwa panya wa maabara. Mwaka 1978 dawa hiyo, sisplatini, ikaidhinishwa Marekani kwa ajili ya wagonjwa.

Nimeirudia mara nyingi hatua ile ya maji yaliyokwisha kutumika. Mtu ana dhana anayoipenda, jaribio limempa jibu alilolitaka, naye bado anataka kuona kama dhana itasimama umeme ukiondolewa. Angeridhika mapema, angeandika makala kuhusu umeme na bakteria. Ingekuwa makala yenye picha nzuri, vipimo safi, na hitimisho la uongo. Na mfuko ule mweusi usingekuwepo.

Hivyo basi, Shangazi, jibu la swali lako ni kwamba hakuna aliyewaza.

## Miaka 120 vitabuni

Kilichoniuma ni kwamba kampaundi yenyewe haikuwa mpya.

Mkemia wa Italia, Michele Peyrone, aliitengeneza mwaka 1845. Wakemia waliijua kwa jina lake, chumvi ya Peyrone. Mwaka 1893 Alfred Werner alieleza jinsi atomi zake zinavyopangana, na kazi yake juu ya kampaundi za namna hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Katikati kuna atomi moja ya platini, kando yake klorini mbili na amonia mbili. Klorini zikikaa jirani, upande mmoja, una dawa. Zikikaa zikitazamana, una kitu chenye atomi zile zile ambacho saratani haikijali.

Werner hakuwa na mgonjwa akilini. Alitaka kujua atomi zinakaaje.

Leo tunajua kwa nini ujirani ule una maana. Ikishaingia ndani ya seli, platini huachia klorini zake na kuishika DNA mahali pawili palipokaribiana, ikaipinda. Seli inayotaka kujigawa inashindwa kuinakili DNA iliyopindwa hivyo, na mara nyingi inakufa. Seli za saratani, kwa kuwa hazitulii, ndizo zinazonaswa zaidi. Umbo la DNA lilikuja kujulikana mwaka 1953, kwa hiyo Peyrone asingeweza kueleza lolote kati ya haya. Lakini aliyeweka tone la chumvi yake kwenye chombo cha bakteria, wakati wowote baada ya watu kujua kuwaotesha bakteria, angeona wanachokifanya.

Hakuna aliyeliweka. Kutoka 1845 hadi 1965 ni miaka 120.

Nilipoisoma hesabu hiyo nilikasirika, kisha nikatafuta wa kumkasirikia nikamkosa. Wakemia hawakuwa na bakteria. Waliokuwa na bakteria hawakuwa na sababu ya kutaka chumvi za platini. Madaktari hawakuwa wakisoma majarida ya kemia ya madini, na kwa nini wayasome? Kila mmoja alikuwa akiifanya kazi yake vizuri chumbani mwake.

Hata dawa ilipovuka ikafika hospitalini, nusura iachwe, maana iliharibu figo na kuwatapisha wagonjwa kupita kiasi. Kilichoiokoa upande wa figo ni jambo jepesi la kumjaza mgonjwa maji kabla na baada. Ndiyo zile chupa za tangu asubuhi.

## Waliokusanyika kitandani

Baada ya hapo sikuweza tena kumtazama Shangazi bila kuona umati.

Anapata sisplatini pamoja na mionzi, utaratibu ulioenea tangu mwaka 1999, baada ya majaribio kadhaa kuonyesha kwamba kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusogea, viwili hivyo kwa pamoja vinaokoa maisha zaidi kuliko mionzi peke yake. Mionzi yenyewe ilianza kwa Wilhelm Röntgen, Novemba 1895, akichunguza umeme ndani ya mirija iliyotolewa hewa. Mashine zinazoitoa siku hizi zimejengwa juu ya ujuzi wa mawimbi ya rada, na ya kwanza ya aina hiyo kumtibu mtu ilifanya hivyo London mwaka 1953.

Kipimo kinachogundua ugonjwa huu mapema kilitoka kwa George Papanicolaou, ambaye kabla ya kuwapima wanawake alikuwa akichukua ute wa simbilisi jike na kuuangalia kwenye hadubini, apate kujua siku gani mayai yao yanapevuka. Makala ya kazi hiyo ilitoka mwaka 1917.

Na chanzo cha ugonjwa ni virusi vya papiloma, jambo lililopata ushahidi wake mkubwa mwaka 1983 kutoka kwa Harald zur Hausen na wenzake nchini Ujerumani. Ila wazo kwamba virusi vinaweza kuleta saratani lilianzia kwa kuku. Peyton Rous alilionyesha mwaka 1911, na Nobel yake ikaja mwaka 1966, akiwa mzee sana. Virusi vya papiloma navyo viliingia maabara kupitia sungura wa porini waliokuwa wakiota vinyama vigumu mfano wa pembe, ambao Richard Shope aliwachunguza mwaka 1933. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa mwaka 2006, na inatengenezwa kwa kuitumia hamira kama kiwanda cha protini za kirusi.

Kuku, sungura, simbilisi, hamira, rada.

Ungewasimamisha watu hawa siku walipoanza ukawauliza lile swali tunalopenda kuwauliza wanafunzi, "hiyo inatibu nini?", wengi wao wangekosa la kusema. Rous angalau angesema kuku.

## Barua ya watu wa theluji

Kabla ya matibabu Shangazi alipigwa siti skani, picha ya ndani ya mwili inayotungwa kwa hesabu kutokana na mionzi inayopitishwa kutoka pande nyingi, na hapa inabidi nitulie, maana ndipo mawazo yangu yalipoanza kugeuka.

Mwaka 1956, Allan Cormack alikuwa mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Sheria ya Afrika Kusini ilitaka matumizi ya isotopu zenye mionzi hospitalini yasimamiwe na mwanafizikia. Hospitali ya Groote Schuur haikuwa naye wakati huo, Cormack akaombwa ashike nafasi kwa sehemu ya wiki. Kwa miezi kadhaa akawa anakaa miongoni mwa watu wanaotibu saratani, akiangalia wanavyopanga vipimo vya mionzi.

Aliona kitu ambacho wenyeji walikwisha kukizoea. Hesabu zilifanywa kana kwamba mwili mzima ni kitu kimoja, sare, ilhali mfupa, pafu na nyama haviizuii mionzi kwa kiwango kimoja. Ili upange vizuri, alifikiri, lazima kwanza ujue ramani ya ndani. Na ramani hiyo inaweza kupatikana kwa hesabu, ukiipitisha mionzi kutoka pande nyingi na kupima kinachotoka upande wa pili. Jaribio lake la kwanza lilikuwa la duara la aluminiamu lililozungushiwa mbao.

Alichapisha mwaka 1963 na 1964. Kimya. Katika hotuba yake ya Nobel, Cormack alisimulia kwamba ombi la kuvutia zaidi la nakala ya makala yake lilitoka kituo cha Uswisi cha utafiti wa maporomoko ya theluji. Watu wa milimani walitaka kujua kilichomo ndani ya theluji, wakaona hesabu hiyo inaweza kuwafaa. 

Kuna zaidi. Hesabu ambayo Cormack aliihangaikia ilikuwa imekwisha kupatiwa ufumbuzi na mwanahisabati wa Austria, Johann Radon, mwaka 1917. Cormack alikuja kulijua hilo miaka mingi baada ya kuitafuta mwenyewe. Na miaka michache baada ya makala za Cormack, huko Uingereza, Godfrey Hounsfield, mhandisi wa EMI, kampuni iliyofahamika zaidi kwa santuri, alikuwa akiijenga mashine ya siti skani bila habari za Cormack. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine hiyo tarehe 1 Oktoba 1971. Cormack na Hounsfield waligawana Nobel ya Tiba mwaka 1979, na hakuna kati yao aliyekuwa daktari.

Watatu walifika mahali pamoja, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

## Shaka

Nilipofika hapa nilikuwa na furaha, na furaha hiyo ikanitia wasiwasi.

Hadithi hizi zote zinasimuliwa kutoka mwisho. Tunaanza na dawa iliyofanya kazi, tunarudi nyuma hadi kwa bakteria, na njia inaonekana kana kwamba ilikuwa ikielekea huko tangu zamani. Wale waliowapitishia viumbe umeme wasipate kitu, hatuwasimulii. Makala zisizosomwa na yeyote ni nyingi kuliko za Cormack. Kuchukua walioshinda na kusema "mnaona, utafiti wowote huzaa" si hoja. Mtu mwenye saratani leo ana haki ya kuuliza kwa nini fedha na vichwa vyote visielekezwe moja kwa moja kwenye ugonjwa wake. Swali hilo halitokani na ujinga. Linatoka kwa mtu ambaye muda wake umehesabiwa.

Na kulenga kunafanya kazi. Zur Hausen hakukutana na kirusi chake kwa bahati. Alikishuku, akakitafuta kwa miaka, akapingwa, akakipata.

Mfano mzito zaidi wa kulenga ninaoujua ni wa Tu Youyou, mtafiti wa dawa wa China. Tarehe 23 Mei 1967 China ilianzisha mradi wa kijeshi wa kutafuta dawa ya malaria. Lengo moja, watu wengi, amri kutoka juu. Mwaka 1971 Tu na wenzake walipata kutoka kwenye mmea wa pakanga wa Kichina dondoo iliyowasafisha panya na nyani vimelea vyote, na leo artemisinini ndiyo msingi wa dawa mseto za malaria duniani.

Nikasema basi, hapa hoja ya upana, kwamba sayansi iachwe itafute kila upande, imekufa.

Kisha nikasoma ilivyotokea. Dondoo za mwanzo zilifanya kazi kidogo, leo ndiyo, kesho hapana. Tu akarudi kwenye maandiko ya tiba ya kale, akasoma maelekezo ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, kwamba mmea uloweshwe kwenye maji, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Hakuna kuchemsha. Akafikiri pengine moto ndio unaoiua dawa. Akaacha kuchemsha, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto kama 35 tu. Dondoo ikakubali.

Mradi uliolenga kuliko yote ulikwama hadi mtu mmoja alipotoka nje ya lengo, akaingia kwenye maandiko ya zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, kisha akarudi na swali la kemia.

Bado shaka haikuisha. Hii ilinionyesha tu kwamba hata anayelenga huhitaji kuazima. Sikutaka kumtetea mtu anayechunguza nyota au mawe kwa kuahidi kwamba siku moja atatibu mtu. Ahadi hiyo hakuna awezaye kuitimiza, na ikivunjika anayeumia ni mtafiti.

## Aliyetafuta umri wa Dunia

Aliyeniondoa pale nilipokwama ni mtu wa mawe.

Clair Patterson alitaka kujua Dunia ina umri gani. Njia aliyoichagua ni kupima madini ya risasi, kwa sababu urani ikioza kwa mamilioni ya miaka huishia kuwa risasi, na uwiano wa aina za risasi hueleza muda uliopita. Alitumia vipande vya vimondo, kikiwemo cha Canyon Diablo kilichoanguka Arizona. Shida ni kwamba vipimo vyake vilikataa kutulia. Risasi ilikuwa nyingi mno, na ilitoka kila mahali: hewani, kwenye vyombo, kwenye vumbi, kwenye nywele za wanaoingia. Ikambidi ajenge maabara safi kuliko zilizokuwepo wakati huo, akisugua na kuosha kila kitu kwa asidi. Mwaka 1956 alichapisha umri wa miaka bilioni 4.55, na hadi leo haujasogea sana.

Angeweza kwenda zake. Swali lake lilikuwa limejibiwa.

Yeye akabaki na uchafu. Risasi hii yote inatoka wapi? Akapima maji ya bahari, akakuta ya juu ina risasi nyingi kuliko ya kilindini, maana yake imeingia karibuni. Akapima tabaka za barafu ya Greenland, akaona risasi ikipanda kadiri karne zinavyosogea kwetu. Sehemu kubwa ilitoka kwenye petroli, ambayo tangu miaka ya 1920 ilikuwa ikitiwa risasi ili injini zisigonge.

Mwaka 1965 aliandika jambo ambalo wataalamu wa sumu hawakulipokea vizuri. Wao walikuwa wakipima risasi kwenye damu za watu wa kawaida, wakaona wote wanayo, wakakiita kiwango hicho cha kawaida, na kisichodhuru. Patterson alisema kiwango hicho hakina uasili wowote. Kwa makadirio yake, Mmarekani wa kawaida alikuwa amebeba risasi kama mara 100 ya ile ambayo maumbile yangempa.

Hapa niliweka kitabu chini.

Daktari wa wakati ule asingeweza kuliona hilo, hata angekuwa mwema na makini kiasi gani. Alikuwa na wagonjwa na wasio wagonjwa, na wote walikuwa wameshavuta hewa ile ile. Ilihitajika mtu ambaye kazi yake ilimpa kipimo cha dunia kabla ya watu. Jiolojia haikuleta dawa wala mashine. Ilileta mahali pengine pa kusimama, na ukisimama hapo, kile ambacho kila mtu alikiita kawaida kilionekana ni sumu.

Patterson aligombana na wenye viwanda kwa miaka. Marekani ilipopunguza risasi kwenye petroli, risasi kwenye damu za watoto ilishuka sambamba, na kwa mtoto maana ya hilo ni ubongo. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli yenye risasi kwa ajili ya magari, Algeria, iliacha mwaka 2021.

Sidhani kama kuna daktari aliyewakinga watoto wengi kuliko mtu huyu wa vimondo.

## Ujirani unapangika

Kwa hiyo msimamo wangu umebadilika. Nilianza nikitaka kuusifia upana wa sayansi. Sasa naona upana peke yake ndio uliomwacha Peyrone vitabuni kwa miaka 120 na kumfanya Cormack ahangaike na hesabu iliyokwisha kupatikana. Taaluma zinaweza kuwa nyingi, zote hai, zote zikifanya kazi njema, na mgonjwa asinufaike kwa sababu hakuna aliyetoka chumba hiki kwenda kile.

Sidai kila mtu ajue kila kitu. Hilo haliwezekani tena, na aliyekaa miaka ishirini na protini moja simwonei huruma, namheshimu. Bila mtu wa kuitengeneza chumvi safi na kuiandika vizuri, Rosenberg asingekuwa na cha kulinganisha alipotaka kujua ni nini kilichomo kwenye maji yake.

Ninachokitaka ni milango. Cormack hakuvuka kwa kipaji tu. Alivushwa na kifungu cha sheria kilichosema hospitali lazima iwe na mwanafizikia. Aliyekiandika alikuwa akifikiria usalama wa mionzi, na alichokifanya ni kumweka mtu wa fizikia kwenye chumba ambacho asingekanyaga. Ugunduzi huwezi kuuagiza. Ujirani unaweza kuuagiza, kwa karatasi ya kawaida ya ofisini.

Basi iagizwe. Kamati inayogawa fedha za utafiti wa saratani iwe na mtu mmoja asiyejua saratani, mwenye ruhusa ya kuuliza maswali ya msingi na kujibiwa kwa heshima. Mwanafunzi wa udaktari akae muhula mmoja kwenye maabara isiyo na mgonjwa. Na anayechunguza kuvu, mawe au nyota apewe nafasi ya kuingia hospitalini akatazame tu, bila kudaiwa ripoti inayotaja manufaa. Kwa tiba ya mionzi ujirani huu tayari upo: kipimo cha mionzi cha Shangazi kinahakikiwa na mtaalamu wa fizikia ambaye yeye hajawahi kumwona. Sioni kwa nini uishie kwenye mionzi.

Na wanafunzi tuache kuwauliza kinatibu nini. Tuwaulize nani mwingine anapaswa kukisikia.

## Masikio

Sisplatini bado ina deni. Inaua seli za kusikia zilizo kwenye sikio la ndani, na seli hizo mwilini mwa binadamu hazioti tena. Mtu mzima anaweza kubaki na mlio masikioni. Kwa mtoto ni zaidi ya hapo, kwa sababu anapoteza sauti nyembamba wakati bado anajifunza kusema.

Septemba 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya kupunguza madhara hayo kwa watoto. Ni sodiamu thiosalfeti, chumvi ambayo mwanaastronomia John Herschel aligundua mwaka 1819 kwamba inayeyusha chumvi za fedha, na ambayo kuanzia 1839 ilitumika kuzifanya picha za kamera zisiendelee kuungua kwa mwanga. Salfa iliyomo ndani yake huishika platini na kuifunga. Mtoto hupewa saa 6 baada ya sisplatini, ili platini iwe imekwisha kufika kwenye saratani kabla haijafungwa.

Lakini idhini hiyo ni ya watoto ambao saratani yao haijasambaa. Ikiwa imesambaa, kuna hofu kwamba chumvi hiyo itaikinga saratani pamoja na sikio. Ndiyo maana wapo wanaojaribu kuigeuza iwe jeli na kuiweka ndani ya sikio lenyewe, nyuma ya kiwambo, isifike kabisa kwenye damu. Kufanya hivyo kunadai kujua jeli inakaa muda gani kabla haijateremka kooni, na kiasi gani cha chumvi kinapenya hadi kwenye maji ya sikio la ndani. Swali la kwanza ni la kemia. La pili ni la fizikia, na anayelijibu huenda kwa sasa yuko kwenye idara ambayo haijawahi kumpeleka mtu hospitalini.